Sahihi ya Mtu Asiyejua Kuandika

Mjadala huu ulizuka jikoni, upande wa kusini wa Chicago, jioni moja ya Februari ambapo theluji ilikuwa imeziba mlango wa nyuma na hakuna aliyefikiria kutoka. Mimi nilikuwa mgeni. Wenyeji wangu walikuwa wawili: mzee wa Tanga ambaye ameendesha teksi katika mji huu tangu mwaka 1991, na binti wa dada yake, wakili kijana aliyekuja kusoma shahada ya pili ya sheria. Mzee hukusanya karatasi za besiboli. Hataki mipira, hataki magongo, hataki jezi. Anataka barua, stakabadhi, telegramu, na zaidi ya vyote, mikataba ya wachezaji. Binti anasema huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine.

Nawaita Mjomba na Mpwa kwa kuwa ndivyo walivyoitana usiku kucha. Nimepunguza maneno, nimeacha utani wa matusi mawili matatu, na pale niliposhindwa kunyamaza nimejiingiza.

MPWA: Mjomba, ile leso ya karatasi ya Messi, nyinyi wakusanyaji mmeitazama vizuri? Tarehe 14 Desemba 2000, huko Barcelona, kiongozi wa klabu anaandika kwenye leso ya mezani kwamba atamsajili mtoto wa miaka 13. Mei 2024 Bonhams wa London wanainadi, inakwenda kwa pauni 762,400. Na mtoto mwenyewe hakuweka hata nukta! Waliosaini ni watu wazima watatu. Mtu analipa hela zote hizo ananunua nini?

MJOMBA: Ananunua dakika ile. Nyinyi vijana mnadhani bidhaa ni sahihi. Kabla kalamu haijagusa, hakuna Messi wa Barcelona. Ikiinuka, yupo. Niambie kitu kingine unachoweza kukishika mkononi ukasema hivyo. Jezi? Jezi ni nguo ya kazi, alivaa akavua.

MPWA: Nguo ya kazi ya Babe Ruth imeuzwa dola milioni 24.

MJOMBA: Milioni 24.12, Agosti 2024, aliivaa fainali za 1932. Najua, usinitoneshe kidonda. Sasa nikupe karatasi ya huyo huyo Ruth. Tarehe 26 Desemba 1919. Harry Frazee, mwenye timu ya Red Sox ya Boston, ni mtu wa tamthilia na madeni yamemkaba. Jacob Ruppert, mwenye kiwanda cha bia, ndiye mwenye Yankees wa New York. Wanaandikiana: Ruth anahama kwa dola 100,000. Elfu 25 taslimu, zilizobaki kwa hati tatu za ahadi, elfu 25 kila moja, riba asilimia sita. Pembeni, Ruppert anamkopesha Frazee dola 300,000, na uwanja wenyewe wa Fenway unawekwa rehani. Msimu uliokuwa umekwisha, Ruth alikuwa amepiga homurani 29, mpira unapaa juu ya uzio na kupotea. Hakuna aliyewahi kufika hapo. Msimu uliofuata, akiwa New York, akapiga 54. Boston, mabingwa wa 1918, wakakaa kavu hadi 2004. Basi ile karatasi iliyopigwa taipu ikafika Sotheby's Juni 2005. Dola 996,000.

MPWA: Miezi michache baada ya Boston kushinda.

MJOMBA: Umeona? Kisa kimepata mwisho wake, na bei nayo ikapanda. Kizuri chajiuza.

MPWA: Na Ruth alisaini sehemu gani?

Mzee alinyanyua birika akamimina chai ya tangawizi ambayo hakuna aliyeiomba.

MJOMBA: Hakusaini. Waliosaini ni Frazee na Ruppert.

MPWA: Yeye alikuwa wapi?

MJOMBA: California. Kocha wa Yankees ilibidi amfuate Los Angeles.

MPWA: Basi huo si mkataba wa mchezaji, mjomba. Hiyo ni stakabadhi ya mauzo. Hata ng'ombe wa mnada wa Pugu hasaini.

Nikiri kwamba hapa binti alinishika. Nilikuwa nimeshakubali hoja ya dakika na kalamu, nikaona ghafla kwamba kalamu yenyewe haikuwa mkononi mwa mtu tunayemkumbuka. Lakini Mjomba si mtu wa kuangushwa kwa ng'ombe mmoja.

MJOMBA: Tutenganishe basi, maana umechanganya karatasi mbili. Kuna hati ya klabu kuuziana mchezaji, na kuna mkataba wa mchezaji mwenyewe na klabu. Huu wa pili ndio mimi naupenda. Ni fomu iliyochapwa, moja kwa wote. Jina la klabu hapa, jina la mchezaji hapa, kiasi hapa. Vifungu vyote vimeshaandikwa, husogezi hata mkato. Chini anasaini mchezaji, anasaini mtu wa klabu, kisha inakwenda kwa rais wa ligi aidhinishe. Fomu aliyosaini Ruth ndiyo aliyosaini mtu ambaye hata mama yake alisahau kwamba alicheza. Kilichowatofautisha ni kile kiasi kilichojazwa kwenye nafasi, na baadaye, sisi.

MPWA: Umeruka kifungu.

MJOMBA: Kipi?

MPWA: Kile cha kumbakiza. Nimekisoma darasani hadi macho yakaniuma. Mkataba ni wa mwaka mmoja, lakini ndani yake klabu ina haki ya kuurudisha mwaka unaofuata, na mkataba uliorudishwa nao una kifungu hicho hicho. Mwaka mmoja usio na mwisho. Wenye timu walikianza 1879, wachezaji watano kila timu; baadaye kikaingia kila mkataba. Mchezaji anaweza kuuzwa, kubadilishwa au kufukuzwa, ila kuondoka kwa hiari yake hawezi, labda aache mchezo. Na Mahakama Kuu ya Marekani ikasema mwaka 1922 kwamba besiboli si biashara ya kati ya majimbo, sheria ya kuzuia ukiritimba haiigusi. Kwa hiyo unapotundika hiyo karatasi ukutani, unatundika mnyororo wenye sahihi ya mfungwa.

MJOMBA: Mfungwa aliyelipwa dola 80,000 mwaka 1930?

MPWA: Huyo mmoja. Na wengine?

MJOMBA: Wengine ndio hoja yangu. Wengine wamebaki kwenye karatasi tu! Wewe unasema nisiitundike kwa sababu ni mnyororo. Mimi nasema mnyororo ukiutupa, kesho atakuja mtu na kusema hapakuwa na mfungwa. Klabu ilipohama ofisi, mafaili yalikwenda pipani. Aliyeinama akayaokota ni mtu kama mimi.

MPWA: Au mtu aliyeinama maktaba akayaiba. Barua za Harry Wright, mmoja wa waasisi wa besiboli ya kulipwa, zilikuwa Maktaba ya Umma ya New York. Zikatoweka. Mwaka 2009 barua za kwake zikaonekana kwenye mnada mkubwa, FBI wakaingilia. Pale zilipokuwa hazina bei hakuna aliyezigusa. Soko lenu ndilo lililowaonyesha wezi rafu ya kufungua.

MJOMBA: Wezi wako kila mahali penye kitu.

MPWA: Jibu la dalali hilo, mjomba.

MJOMBA: Haya, ni jibu la dalali. Endelea.

MPWA: Nataka unionyeshe sahihi ya Messersmith ya mwaka 1975.

Mzee akacheka, akapiga meza kwa kiganja. Alijua mtego ulikuwa wapi na aliingia kwa furaha, kama mchezaji bao anayeona kete zake zinaliwa kwa ustadi. Kwa msomaji asiyeijua habari hii: mwaka 1969 klabu ya Cardinals ya St. Louis ilimpeleka mchezaji wake Curt Flood Philadelphia baada ya miaka 12 ya kazi. Hakuulizwa. Mkesha wa Krismasi akamwandikia kamishna wa besiboli kwamba haoni kama yeye ni mali ya kununuliwa na kuuzwa bila matakwa yake. Akaenda mahakamani, akashindwa mwaka 1972 kwa kura tano dhidi ya tatu, na mchezo ukawa umemponyoka. Barua yake leo iko katika Nyaraka za Taifa za Marekani, kwa kuwa iliingia kesini. Miaka mitatu baadaye warushaji wawili, Andy Messersmith wa Dodgers na Dave McNally wa Montreal, wakaingia msimu wa 1975 bila kusaini. Klabu zikawarudishia mikataba kwa nguvu ya kile kifungu. Msimu ukaisha, wakasema: ule mwaka mmoja wa kurudishiwa umekwisha, na hakuna karatasi mpya. Tarehe 23 Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz akakubaliana nao. Mnyororo wa karibu miaka mia ukakatika.

MPWA: Kwa hiyo mkataba uliobadilisha besiboli kuliko yote ni ule ambao nafasi ya sahihi iko wazi. Huo utaunadi shilingi ngapi?

MJOMBA: Ungeletwa leo ningeuza teksi.

MPWA: Ukurasa mtupu?

MJOMBA: Ukurasa wenye kila kitu isipokuwa jina. Mwanangu, unadhani unanipinga, kumbe unanisaidia. Nimekwambia tangu mwanzo, wino si kitu. Mwenye akili anatafuta karatasi nzima. Wale wanaonunua jina tu ndio wanaotuharibia.

Hapo nikauliza, kwa nini basi yeye mwenyewe anazungumzia bei kila dakika kumi. Hakunijibu. Alikwenda kuongeza moto wa jiko.

MPWA: Tuje kwa Jackie Robinson, maana hapo ndipo ninapochoka nanyi kabisa. Oktoba 1945 anasaini na Montreal Royals, timu ndogo ya Dodgers: dola 600 kwa mwezi na dola 3,500 za kusaini. Aprili 1947 anasaini na Dodgers wenyewe, dola 5,000 kwa mwaka, na tarehe 15 anaingia uwanjani, mtu mweusi wa kwanza katika ligi kuu kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 2016 mikataba hiyo miwili inaonyeshwa New York, inatajwa kuwa na thamani ya dola milioni 36. Milioni 36! Baadaye wenyewe kwa wenyewe wanashtakiana mahakamani, nani mwenye mali halali.

MJOMBA: Thamani ya kutajwa na bei ya kulipwa ni ndugu wasiosalimiana. Mtathmini anataja, mnunuzi ndiye anayetoa.

MPWA: Hata ikiwa nusu yake. Robinson alipewa dola 5,000 pamoja na matusi ya viwanja vyote. Lakini sikasiriki kwa hilo peke yake. Kabla ya Montreal alikuwa anachezea Kansas City Monarchs, ligi ya weusi. Unajua Dodgers waliwalipa Monarchs kiasi gani?

MJOMBA: Hakuna kitu.

MPWA: Hakuna kitu! Branch Rickey, mkuu wa Dodgers, alisema haoni mkataba wa maana wa kumfunga Robinson na Monarchs. Watu walikuwa wamekubaliana, mtu anacheza, mshahara unalipwa, lakini kwa kuwa hakuna fomu ya kupendeza, klabu nzima ikanyang'anywa mchezaji. Mwaka 1947 Effa Manley, mwenye Newark Eagles, alibana hadi akapata dola 15,000 kutoka Cleveland kwa mchezaji wake Larry Doby. Huyo mama alikuwa na mdomo. Wengi hawakupata. Sasa nyinyi mnakuja na mnada unaotukuza karatasi, mnarudia hukumu ya Rickey: asiye na karatasi hakuwepo.

Mjomba alikaa kimya muda mrefu kidogo. Upepo ulikuwa unasukuma theluji dirishani na mtu wa ghorofa ya juu alikuwa anaburuta kiti.

MJOMBA: Mali bila daftari huisha bila habari.

MPWA: Methali si jibu.

MJOMBA: Si jibu, lakini ni kweli, na inauma. Hilo la Monarchs sina la kusema. Nafikiri uko sawa. Ila niambie wale vijana wa Uganda waliosaini na Dodgers na Pirates miaka hii. Karatasi zao ziko wapi?

MPWA: Sijui.

MJOMBA: Natumai kwa mama zao. Mwaka 2012 watoto wa Uganda walikuja Williamsport, Pennsylvania, kwenye mashindano ya dunia ya watoto, timu ya kwanza kutoka Afrika. Nilichukua likizo nikaendesha gari usiku kucha kwenda kuwatazama. Mmoja wao leo akiwa mtu mkubwa, kizazi kijacho kitataka kujua alianzaje, alilipwa nini, nani alimsimamia. Utawaambia nini, kwamba wakili mmoja alisema karatasi ni ukoloni?

MPWA: Sijasema ukoloni. Nimesema bei. Ziwekwe kwenye nyaraka za umma, kila mtu akasome, basi.

MJOMBA: Nyaraka zipi, zile walizoiba barua za Wright?

Nilikuwa nadhani wamefika mwisho wa kamba. Nikakosea, kwa sababu mzee alikuwa bado hajamtaja mtu wake. Kila mkusanyaji ana mtu wake. Wa kwake ni Joe Jackson, aliyeitwa Shoeless, Asiye na Viatu, aliyechezea White Sox hapa hapa Chicago. Mwaka mzee alipoingia mji huu ndio walikuwa wanabomoa Comiskey, uwanja aliochezea Jackson. Anasema abiria wake wa kwanza alikuwa mzee wa kizungu aliyetaka kupelekwa pale atazame tu winchi ikila ukuta, na njia nzima alikuwa anasimulia. Sina namna ya kuhakikisha kisa hicho na sikujaribu.

MJOMBA: Jackson hakusoma. Akiwa mtoto mdogo aliingizwa kazini kwenye kiwanda cha nguo cha Brandon Mill, Greenville, South Carolina. Herufi hakuzijua. Mkewe, Katie, ndiye aliyemsomea barua, ndiye aliyesaini mipira ya mashabiki kwa jina lake. Ikilazimu asaini mwenyewe, Katie aliandika jina kwenye karatasi na yeye akalichora kama unavyochora nyumba. Nimeona picha za sahihi zake za kweli. Herufi zimesimama moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Na kwa kuwa ni chache, ndizo za bei kuliko karibu zote. Mwaka 1990 kipande cha karatasi chenye jina lake, kilichokatwa kutoka hati ya kisheria, kiliuzwa dola 23,100. Mwaka 2021 picha ya 1911 yenye sahihi yake ilikwenda Christie's kwa dola milioni 1.47.

MPWA: Subiri. Kilichokatwa?

MJOMBA: Kwa mkasi.

MPWA: Na hati yenyewe? Alikuwa amekubali nini humo?

MJOMBA: Ndiyo maana nimesema wale wanaonunua jina tu wanatuharibia.

MPWA: Mjomba, mtu asiyejua kusoma anaweka jina kwenye hati, baadaye anakuja mtu anakata jina na kutupa hati. Yaani hata yale machache aliyojifunga nayo yametupwa! Wamebakiza ule mchoro.

MJOMBA: Sasa sikiliza mkataba wake. Mwanzoni mwa mwaka 1920, katibu wa White Sox, Harry Grabiner, anamfuata Savannah, Georgia, alikokuwa anaishi wakati wa baridi. Mkataba wa miaka mitatu, dola 8,000 kwa mwaka. 1919 alikuwa anapata 6,000. Jackson hataki kifungu cha siku kumi.

MPWA: Kile kinachoipa klabu haki ya kumwachisha kwa taarifa ya siku kumi, huku yeye hawezi kuiacha klabu.

MJOMBA: Hicho. Jackson alidai baadaye kwamba Grabiner alimwambia kimeondolewa. Akasaini, mkewe hakupewa nafasi ya kusoma. Kifungu kilikuwemo. Upande wa klabu ukasema Katie aliusoma.

MPWA: Kwetu mtu huyo tunamjua. Anaitwa Mangungo wa Msovero. Mwaka 1884 Karl Peters anampa karatasi ya Kijerumani, anaweka alama yake, nchi inakwenda.

MJOMBA: Nilikuwa nangoja umtaje. Ila Mangungo hakupata jopo la wazee wa mahakama, Jackson alilipata. Wakati huo alikuwa ameshafungiwa, yeye na wenzake saba, kwa tuhuma za kuuza fainali za 1919 kwa wacheza kamari. Mahakama ya hapa Chicago iliwaachia Agosti 1921. Kesho yake kamishna Landis akawafungia maisha. Jackson akawashtaki White Sox huko Milwaukee mwaka 1924, akidai mshahara wa mkataba ule. Mkataba ukaletwa kama kielelezo. Jopo likampa haki, dola 16,711 na senti nne. Jaji akaitupa hukumu, akasema Jackson ameapa uongo, akamweka ndani.

MPWA: Senti nne unazikumbuka.

MJOMBA: Senti nne ndizo zinazoniuma. Mtu alikaa akapiga hesabu hadi senti, halafu hakuna kilicholipwa kwa hukumu ile.

MPWA: Na Mei 2025 besiboli imemwondoa kwenye orodha ya waliofungiwa. Amekufa tangu 1951.

MJOMBA: Na mara moja madalali wakaanza kupiga simu. Nimeshakwambia, kisa kikipata mwisho bei hupanda.

MPWA: Mimi nina kisa cha Jackson ambacho huna. Nimekutana nacho kwenye ripoti za kesi. Katie alipokufa mwaka 1959, mali iliyobaki aliwaachia mashirika mawili ya hisani, la maradhi ya moyo na la saratani. Miaka ikapita, mashirika yakagundua kwamba wosia wa Joe, ulioko mahakamani Greenville, una sahihi yake, na kwamba sahihi hiyo ni pesa nyingi. Wakadai wapewe wosia wenyewe, ile karatasi. Wakasema ni sehemu ya mali. Mwaka 1997 Mahakama Kuu ya South Carolina ikakataa. Wosia ukishafika mahakamani ni hati ya umma, unakaa pale.

Mzee aliweka kikombe chini. Kisa hicho alikuwa hakijui, na mtu anayekusanya kwa miaka 30 hapendi kugundua hivyo mbele ya mgeni.

MJOMBA: Wangefanyia utafiti wa moyo.

MPWA: Wangefanya. Na pengine ingefaa. Lakini naipenda hukumu ile. Kuna mahali pamoja duniani ambapo jina la Joe Jackson limeshikamana na maneno yaliyoko juu yake, na hakuna anayeweza kuliondoa kwa mkasi wala kwa hundi.

MJOMBA: Na hakuna anayeliona.

MPWA: Anayetaka ataomba.

MJOMBA: Saa za kazi, kwa miadi, aje na kitambulisho.

Walirudiana hivyo kwa muda, na sitawachosha. Kisha Mjomba akaingia chumbani akarudi na tochi ndogo na bahasha ya plastiki. Alianza kwa kunieleza mimi jinsi ya kumkamata mghushi, kwa kuwa nilikuwa nimemuuliza saa nzima iliyopita. Soko la sahihi limejaa uongo. Katika miaka ya 1990 FBI walivunja mtandao uliokuwa ukighushi kila kitu, hadi mipira ya besiboli yenye jina la Mama Teresa. Mkataba, anasema, ni mgumu zaidi kughushi kuliko mpira. Mpira una jina tu. Mkataba una fomu ya mwaka fulani, taipu ya ofisi fulani, sahihi za watu wengine wawili watatu, tundu za stepla, kutu ya kibanio. Ukiona mkataba wa 1920 uliosainiwa kwa kalamu ya bolpeni, cheka uondoke. Bolpeni zilianza kuuzwa New York Oktoba 1945. Halafu ile tochi, yenye mwanga wa urujuani. Aliimulika kwanza risiti ya dukani: ikawaka kwa ubuluu mkali. Karatasi za siku hizi zina dawa ya kung'arisha. Kisha akafungua bahasha.

Ilikuwa fomu ya mkataba, 1948, timu ya daraja la chini kabisa, mji mdogo wa Indiana. Mikunjo mitatu, pembe moja imelika. Chini ya tochi ilibaki kama ilivyo, rangi ya chai ya maziwa, haikuwaka. Dola 125 kwa mwezi, imejazwa kwa taipu ambayo herufi e imeziba. Jina la kijana halipo kwenye kitabu chochote cha mashujaa. Mzee aliinunua dola 40 kwenye mnada wa vitu vya marehemu.

MPWA: Huyu ni nani?

MJOMBA: Hakuna mtu. Alicheza mechi 11. Tazama chini, alikuwa hajatimiza miaka 21, kwa hiyo kuna mstari wa mzazi.

Alizima taa ya jikoni, akaweka tochi ya kawaida ubavuni mwa karatasi, imelala, ili mwanga upite juu juu. Kwa mwanga huo karatasi huwa kama shamba lililolimwa, kila mfereji unaonekana. Mpwa akainama. Na mimi nikainama. Sahihi ya baba ilikuwa ya wino mweusi, herufi kubwa, imekandamizwa hadi karatasi ikavimba upande wa pili. Chini ya wino palikuwa na mstari mwingine, mwembamba, wa kijivu.

MPWA: Penseli.

MJOMBA: Mtu alimwandikia kwanza.

MPWA: Mama?

MJOMBA: Mwandiko mzuri, mlalo. Nadhani mama. Sijui.

MPWA: Na alikuwa amesoma kifungu cha kumbakiza mwanawe, huyu mama? Alimsomea mumewe?

Mzee hakusema. Binti alitoa simu mfukoni, akaiweka juu ya ule mstari, akavuta kwa vidole viwili hadi jina peke yake likajaa kwenye kioo.

MJOMBA: Usikate. Piga ukurasa wote.